Mpangaji

Unaniuliza, Corwin, bei uiweke ngapi
hiyo hadithi yako ya mbwa mwitu.
Ngoja kwanza nivue buti, theluji imeingia hadi soksini.

Mimi niliweka kumi na nne ya karatasi,
ya kusomea kwenye skrini, sita.
Nilikaa na kalamu usiku, Thunder Bay imelala,
nikajumlisha kama nilivyojumlisha ngano ya watu
miaka ishirini na sita katika ofisi ya maghala:
wino, jalada, yule binti aliyenisahihishia nukta,
na mama yangu,
aliyewapikia wakata miti mia moja na arobaini
kwa jiko moja na mikono iliyopasuka.
Mama sikumjumlisha. Sikujua safu yake.
Nikapiga mstari chini, mara mbili.

Tarehe tisa Februari nafungua Duka
(unalijua, lile lisilo na mlango wala muuzaji),
kitabu changu kimevaa senti tisini na tisa
kama mtoto aliyetolewa barazani na fulana tu.
Nani kamvua?

Hakuna mtu. Ni mashine.
Ilipita usiku madukani mwa wengine,
ikanusa kijiduka kimoja cha Winnipeg
nilikoshusha bei wiki moja,
kwa ajili ya akina mama wa kanisa la Kilutheri,
ikarudi ikashusha, bila hodi.
Na fungu langu, sabini katika mia,
likawa thelathini na tano,
kwa kuwa bei imeanguka chini ya ngazi yao.
Waliiangusha wao.

Nikaandika barua. Ikajibu Timu.
Nikaandika tena. Ikajibu Timu, kwa upole uleule,
kwamba bei ya mwisho ni hiari ya Duka,
tafadhali soma kifungu cha tano.
Nikasoma. Kweli, nilikuwa nimekubali.
Nilibonyeza huku nachemsha viazi.

Ndipo neno likanigeukia mdomoni.
Nilijiita mpangaji: napanga sura, napanga bei.
Mpangaji, ndiyo. Lakini wa chumba,
na mwenye nyumba ana ufunguo wake.

Sasa sikia, maana hukuja kunitazama nikilia.
Mali bila daftari, mwisho wake unaujua.
Nunua daftari.
Kila Jumatatu andika bei yako ya kila duka,
na kabla ya kushusha popote, hata senti kumi,
jiulize nani mwingine ananusa.
Ukitaka kuwafurahisha akina mama, wape mkononi.
Mimi nilipandisha kule Winnipeg, nikangoja siku kumi na moja
kama mtu anayengoja bomba lililoganda.
Duka nalo likapandisha. Sikushangilia,
nilipita kwa kunyata, nisije nikaliamsha.

Bei ichapishe nyuma ya jalada;
wakipunguza, msomaji aone walichopunguza.
Na ukikuta nakala yako kuukuu
inauzwa mia tatu na kumi na mbili na mtu usiyemjua,
usihangaike. Mimi nilihangaika.
Siku mbili nzima nilijiona tajiri.

Jumamosi naweka meza kwenye ukumbi wa michezo ya barafu.
Hapo hakuna kifungu cha tano.
Wiki iliyopita alikuja Toivo Hakala, anatembea na fimbo mbili,
akatoa noti ya ishirini.
Chenji yako, nikamwambia.
Akaufunika mkono wangu kwa glavu yake.
"Hamsini na saba," akasema, "nilikula uji wa mama yako
majira yote ya baridi, na sikumshukuru."

Usiku nikafungua daftari. Dola sita zimezidi.
Nilizihesabu tena, mazoea ya ukarani,
kisha nikachora safu mpya pembeni,
juu yake nikaandika jina lake.

Wewe anza na tano, Corwin.
Na usibonyeze chochote viazi vikiwa motoni.