Wanja wa Kitabu

Bi Mize anapiga chapa pale Mtemani, Wete,
chumba cha nyuma ya duka la sabuni na mbatata.
Riwaya yangu aliichukua Jumatatu;
Alkhamisi akaniita ndani,
miwani kaipachika utosini.

"Maiti sita," akasema. "Nimewahesabu.
Mmoja kafa mara mbili,
ukurasa wa arubaini na wa sitini,
hilo ukalirekebishe.
Lakini nambie, Shaame,
huko kwenye kitabu chako hakupikwi?
Mvua mwaka mzima, hata pweza hakuna,
hata mtoto wa kusema uongo tukacheka?"

Nikampa majibu niliyoyazowea:
kwamba tumeumizwa, na aliyeumizwa hasimulii harusi;
kwamba furaha haina hadithi,
hula, hunawa, hulala,
bali huzuni hurudi usiku kugonga mlango.
Sikumtajia kamati ya tuzo,
wale mabwana watatu wanaosoma kwa kuguna,
ambao kitabu kikicheka hukiuliza umri.

Akanisikiliza kama asikilizaye redio ya jirani.
"Siku tuliyomzika kaka yangu Faki
tulicheka mpaka tukashika mbavu.
Jeneza lilikataa kupita mlangoni,
na mlango kauchonga mwenyewe."

Umeme ukakatika, kompyuta ikazima.
Uani mjukuu wake akaanza kulia;
akaenda, akarudi kampakata:
miezi mitatu, mzuri wa kutisha,
na uso mzima kapakwa wanja,
nyusi zimekwenda upande,
doa jeusi katikati ya paji.

"Mbona mnamharibu?"

"Ndo apite njiani salama.
Kizuri ukikitoa kitupu, kuna jicho."

Hapo nikanyamaza.
Nikawaona maiti wangu sita, doa juu ya doa,
na chini yao kile nisichothubutu kukitoa kitupu:
mama anamenya mbatata, anaimba vibaya,
baba anajifanya hasikii.

Nikalipa. Hesabu ilizidi shilingi mia tano
na sikuuliza.
Nyumbani nikaijua sababu:
ukurasa wa tisini na mbili, baada ya mazishi,
sentensi isiyo yangu,

*Kisha mtu akabandika chai.*

Kalamu nyekundu iko mkononi tangu magharibi.
Isha imeadhiniwa, watu wametoka msikitini,
na chai, kwenye ukurasa,
bado haijachemka.