Mistari Miwili

Daktari wa Maskati alichora ukoo wetu
kwa kalamu ya risasi: miraba wanaume, duara wanawake.
Bibi Zuyana, marehemu, duara lililokatwa mshazari.
Kati ya baba na mama akavuta mistari miwili.
"Maana yake damu moja," alisema,
na mama, aliyeozwa mtoto wa ami yake
kwa mitende kumi na zamu ya maji ya Jumanne,
aliitazama kama anayesoma hati ya deni.

Mundhir alikwishavua viatu.
Nyayo zake zimejikunja mfano wa kiganja kitekacho maji,
na soli zimelika nchani tu.
Sisi tulikuwa tukimkaripia:
inua miguu, mvivu we!

Ganda la neva linabanduka, tuliambiwa.
Nikakumbuka falaji yetu ya Ibra:
mfereji ukipukutika saruji,
chemchemini maji tele,
mtende wa mwisho haupati kitu.
Wa mwisho ni kidole gumba cha mguu.

"Nani kamletea?" mama akauliza.
Nyote. Kila mmoja kabeba kosa lile lile,
herufi moja, kimya, asiugue.
Hawa, ambao miaka thelathini
hawajapatana hata juu ya chumvi ya wali.

Baba aliendesha redio ikiwa imezimwa.
Ghalib, mwana wa mama mdogo, ameniposa;
mkobani nina karatasi ya kupimwa damu,
nimeikunja mara nne.
Mundhir kalala, miguu mapajani mwangu.
Namkanda vidole, nikianza na gumba.

Kumbe yu macho.
"Umeshaanza?" ananiuliza.