Chumba Namba Tisa

Ekai alipoletwa nilimpa ufunguo.
Akauliza, "Na usiku mlango anaufunga nani?"
Nikamwambia, wewe.
Akacheka kama mtu aliyetaniwa msibani.

Mimi ni mshika funguo wa ploti hii ya Huruma,
vyumba ishirini vya mabati, bomba moja.
Wa mtaani waliletwa watatu kabla yake,
kila mmoja na godoro jipya, sufuria mbili,
na kodi ya miezi mitatu kutoka kwa watu wa fulana za kijani
waliopiga picha mlangoni, wakaenda zao.

Syokau alikaa wiki sita. Hakufukuzwa na mtu.
Alisema kule Kirinyaga walilala sita gunia moja,
ukikohoa, kuna anayegeuka.
Hapa alikohoa, ukuta ukanyamaza.

Barasa aliponzwa na wema:
kila mvua aliwafungulia wenzake wote,
mpaka majirani wakaita askari.

Wa tatu simtaji. Alilipa vizuri.
Gundi ilimsubiri palepale alipoiacha.

Kwa hiyo Ekai nilimwandika daftarini kwa penseli.

Mwezi wa kwanza alilala sakafuni, viatu miguuni,
mgongo umeegemea mlango.
Nilijua kwa kivuli chake chini ya ubao.
Wa pili, Kwamboka wa namba nane
alianza kumtuma maji ya kukandia chapati.
Siku alipochelewa kurudi kutoka Dandora
alimfokea mbele ya ploti nzima:
"Tulidhani umekufa, mjinga wewe!"
Akasimama na gunia lake la chupa,
akifokewa, hana la kusema,
uso kama wa mtu anayepokea zawadi.

Mwezi wa nne watu wa fulana hawakurudi.
Alileta kodi nusu, sarafu tupu, zanata.
Mwenye ploti anataka tarehe tano.
Nilimdanganya. Nikasema simu yangu imeharibika.

Kisha Novemba, saa nane za usiku, hodi.
Nikajisemea: haya, ufunguo unarudi.
"Bati linavuja," akasema. "Juu ya kitanda.
Nalipa kodi, ama silipi?"

Kitanda! Kumbe godoro limetoka kwenye nailoni.

Mpita njia hagombani na paa.
Nilipanda ngazi mvuani, misumari mdomoni,
yeye chini na tochi ananikaripia:
siyo hapo, mzee, kushoto, kushoto kidogo.

Jina lake bado liko kwa penseli.
Asubuhi nililikoleza.