Komeo

Gyumri, Januari. Baridi ya kupasua mawe.
Tumelala sita kando ya tanuri,
Nshan mdogo amenyonya hadi akapitiwa,
kucha zake zimenasa kwenye fulana yangu.
Ngo, ngo.
Nikamjua kwa ubishaji wake: Hrachik, jirani,
tuliyenuniana naye tangu kiangazi kwa ajili ya bomba la maji.

"Shushan! Nimefikiwa na wageni, basi lao limekwama thelujini.
Sina hata ukoko. Nikopeshe mikate mitatu."

Mume wangu akavuta blanketi. "Nyamaza. Atachoka."

Hakuchoka.
Nilihesabu ngo hadi ishirini na moja,
na mikate arobaini ipo chini ya kitambaa, ya kuuza kesho.
Nikajitafutia sababu, nazo hazikukosekana:
watoto wataamka;
komeo lina kutu, likivutwa hulia kama punda;
na bomba je? Bomba nani kalisahau?

Kila mwaka padre Ghevond huusoma mfano huu
nasi sote huitikia kwa vichwa, kila mmoja
kajiona yuko nje ya mlango, anabisha, anaomba.
Mimi pia. Miaka yote nilikuwa nje,
mwombaji hodari, magoti yameota sugu.
Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya nyumba ile
kuna mtu amejilaza,
na mtu huyo anaitwa kwa jina langu.

Nikainuka. Nisisingiziwe wema:
niliinuka ili kelele ikome.
Komeo likalia, Nshan akalia, mume wangu akasonya.
Hrachik alikuwa na theluji kwenye nyusi.
Nikamfungia mitatu kitambaani. Akasimama tu.
Nikaongeza wa nne, sijui kwa nini,
labda kwa sababu hakuwa amevaa soksi.
Habari ya bomba hakuna aliyeitaja.

Asubuhi nilikuta kitambaa kimetundikwa mlangoni,
kimefuliwa, kimeganda kama ubao.

Mungu halali, asema padre, wala hasubiri kubembelezwa.
Naamini. Mlango wake siujui una komeo gani.
Wangu naujua.
Nilinunua kichupa cha mafuta ya cherehani,
nikalipaka, nikalivuta, nikalisukuma,
hadi likateleza bila sauti.

Bomba bado linavuja.

"Mafuta ya nini?" akauliza mume wangu.
Nikamwambia: watoto wasiamke.