Yatokanayo

Mimi ndiye mshika kalamu. Naandika:
kikao kimefunguliwa saa kumi na mbili jioni,
wajumbe wanne, udhuru mmoja.
Siandiki kwamba udhuru ni wa Imants
tuliyemzika Jumanne, ardhi imeganda
hata wachimbaji wakavunja sururu mbili,
na kwamba kiti chake bado kipo
kwa kuwa hakuna aliyejitolea kukiondoa.

Chumba chetu kiko juu ya duka la miwani, Valmiera.
Bomba la joto linagugumia kama mzee aliyekatizwa usingizi.
Posho hakuna. Kila mjumbe huja na kikombe chake.
Mjini hawaamini:
bodi nzima, miaka yote hiyo, bure?
Kuna namna.

Wakfu una euro elfu tisa.
Maombi ni arobaini na moja.
Dzintra, aliyefundisha hesabu mpaka macho yakachoka,
anazipanga karatasi kama mtu apangaye karata
za mchezo asioutaka.
Mguu wa bandia. Meno. Kuni za mjane.
Kinanda cha mkono cha mtoto wa miaka tisa.
Haralds anacheka, kisha anaacha kucheka:
mtoto ameandika mwenyewe, kwa penseli,
akalifuta neno tafadhali
akaliandika tena, safari hii vizuri.

Kutoa ni moyo, husemwa.
Kunyima ni kikao.

Ombi la kumi na saba.
Vilnis anaishika karatasi muda mrefu mno.
Anaujua mwandiko: ile g yenye mkia
unaoshuka mpaka kuukanyaga mstari wa chini.
"Dada yangu," anasema.
"Mwaka wa kumi na moja hatusemezani. Shamba la baba."
Anainuka, kwani kifungu cha nne kinamtaka atoke,
na kifungu cha nne
alikitunga yeye.

Tunasoma. Ni paa.
Linavuja juu ya kitanda. Kitanda amekihamisha mara tatu,
sasa hana pa kukihamishia.
Halalamiki. Ametaja bei ya vigae, ya mbao,
ya misumari mpaka senti, na ya fundi: mia tatu.
Chini kabisa: *Ndugu wa kumwomba sina.*

"Tukimpa," anasema Dzintra, "watasema ni kwa ajili yake.
Tukimnyima, itakuwa ni kwa ajili yake."
"Basi tumpime kama wengine," anasema Haralds.
Ausma, mwenyekiti wetu, anavua miwani:
"Na nani aliyewahi kupimwa kama wengine?"

Kutoka chini inapanda sauti ya koleo.
Vilnis anakwangua theluji mlangoni pa duka
ambalo si lake, bila kofia,
anakwangua mahali palipokwisha kukwanguliwa.

Mikono miwili juu. Mmoja chini.
Naandika: limekubaliwa. Mjumbe mmoja hakushiriki.
Tukaendelea. Tulikuwa kwenye ombi la ishirini na mbili
Ausma alipokumbuka, akafungua dirisha, akaita.

Akapanda, theluji mabegani.
Hakuuliza. Hatukumwambia, barua bado hazijatoka.
Akaketi katika kiti cha Imants,
sijui kwa kusahau au kwa kukusudia,
akavuta karatasi iliyofuata:
"Hii ya meno. Tuna kiasi gani?"

Mwezi wa Mei stakabadhi zikarudi.
Vigae. Mbao. Misumari, kilo nne.
Na ndani ya bahasha, euro mia tatu,
zimefungwa kwa kipande cha karatasi: *Fundi hakudai.*
Ile g haikuwamo, maana neno halikuihitaji,
lakini mwandiko niliujua.

Jioni hiyo Vilnis alikuja mapema,
ukucha wa kidole gumba umevilia damu, mweusi tii.
Dzintra akautazama, akatazama dirisha.
Ausma akammiminia chai.

Nikaandika tarehe. Nikaandika: wajumbe wanne.
Yatokanayo na kikao kilichopita:
hakuna.