Kiberiti

Kadi yake nimeiandika mara nne.
Ya kwanza ilisema: Fósforo, yaani kiberiti, dume,
miaka miwili au mitatu,
chotara wa mbwa wa kondoo na sijui nani,
na huyo sijui nani ndiye aliyemrithisha miguu.
Sikio moja limesimama kama mlinzi wa zamu,
la pili limelala zamuni.
Nikaifuta. Mtu hachukui mbwa kwa sababu ya mzaha.

Tulimpata Julai, mwezi ambao jua la Punta Arenas
huamka saa nne asubuhi na bado lina usingizi.
Alikuwa akilifukuza basi la uwanja wa ndege,
na dereva aliapa kwamba angelifikia.

Kina Oyarzo walimchukua kwa furaha, ghorofa ya tatu,
watoto wawili, mpira mmoja.
Siku ya tisa wakamrudisha
pamoja na picha ya sofa
waliyokuwa bado wanailipia.

Hapo kila mtu akageuka mganga:
Mpeni nafasi. Nafasi ndiyo dawa yake.
Tukampeleka San Gregorio, kwenye shamba la kondoo
lisilo na mwisho ila upepo,
naye akawazungusha kondoo mia sita
mchana, na usiku, na mchana tena,
hadi wakasahau kula.
Don Ladislao alimshusha garini mwenyewe, taratibu.
"Huyu hachungi," aliniambia.
"Huyu anatafuta mtu wa kumwambia basi."

Niliyabeba maneno hayo wiki nzima.
Hata upepo una nafasi,
na sijauona ukilala.

Wa tatu sipendi kumsimulia.
Doña Herminia, mwalimu mstaafu, alitaka pumzi ya pili nyumbani.
Alirudi na mkono kwenye plasta,
kamba ya mbwa imezungushwa kwenye ule mzima,
akalia, akaniomba radhi mimi,
kisha akamwomba radhi mbwa.
Kosa lilikuwa langu. Nilimwona mpweke,
nikasahau kutazama viganja vyake.

Kadi ya nne niliandika ukweli mtupu:
Hachoki. Anakula viatu. Ana akili kuliko sisi.

Novemba akaja msoma mita wa kampuni ya maji,
Eleodoro Nahuelquín, suruali imeshonwa mahali patatu,
fimbo mkononi kwa sababu zinazojulikana.
Fósforo alikuwa akikimbia kando ya uzio, kwenda na kurudi,
ameshachimba njia yake kama mto.
Yule bwana aliandika namba zake, asiondoke.
"Huyu huchoka lini?"
"Bado hatujui."
"Mimi hutembea kilomita kumi na nane kwa siku," akasema.
"Mji mzima una mbwa, na wote wananichukia.
Ningependa mmoja awe upande wangu."

Nilimsomea makosa yote, moja baada ya moja,
kama karani mahakamani: sofa, kondoo, mkono wa bibi.
Alisikiliza huku akikuna sikio lile lililolala.
Nikasema wiki moja, ya majaribio.
Nikasema ukimrudisha hatutakulaumu.
Wiki ilipokwisha alipiga simu kuuliza
kama kofia ya kampuni inaweza kumdhuru mbwa aliyeimeza nusu.

Nyumba njema si mlango, tunasema,
nami nilikuwa nikipima milango:
upana wa ua, urefu wa ukuta, idadi ya vyumba.
Nyumba ya huyu ilikuwa na mageti mia nne
na mtu anayesimama kila geti,
anayesema basi,
anayesema twende.

Alhamisi walifika kwangu.
Nilitoka nje bila koti.
Fósforo alininusa mkono, mkia ukawaka,
akanitambua, nina hakika alinitambua,
akatazama geti la jirani,
akamtazama Eleodoro:
tunachelewa.