Badala

Umeme umekatika tangu juzi, hapa Kadutu.
Makala chini, makala juu ya kifuniko,
sufuria katikati kama mtu aliyebanwa na wageni.

Siagi hakuna: nimeponda avoka.
Sukari bei yake imeruka ukuta,
nimemenya ndizi za Idjwi, zile zilizokwisha kupiga weusi,
Nsimire huniuzia kwa huruma.
Unga wa ngano nusu tu, nusu ya pili soya,
na kiganja cha karanga nilizozitwanga kwa chupa.
Yai? Lilikuwapo moja. Limevunjikia njiani.

Saa kumi na mbili na robo Cishugi ameamka.
Anaishika biskuti, anaigeuza kama fundi saa.
“Mama alikuwa anaweka chokoleti.”
Najua.
Mimi mdogo wake, nilikuwa nalamba bakuli.

Anauma. Anatafuna polepole,
mkoba mgongoni, kamba za viatu zikiburura,
kisha mkono unanyooka:
“Mama mudogo, leta ingine.”

Namtilia mbili mfukoni, moto bado.
Moja naifunika kwa kitambaa,
yangu,
ile iliyoungua upande.